Kuku Wakiugua, Msiba Usihamishiwe kwa Jirani



Sifa zote njema anastahiki Allah (s.w.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Maswahaba zake wote. Ama baad.

Ndugu zetu, leo tunataka kuzungumzia jambo ambalo wengine wataliona dogo mno kwa ukurasa wa jamii. Ni kuku wa uani. Sisi hatulioni dogo. Katika mitaa yetu, iwe Buyenzi hapa Bujumbura au kule Rumonge na Nyanza-Lac kandokando ya Ziwa Tanganyika, kuku watano au kumi wanaozunguka nyuma ya jiko mara nyingi ndiyo mali pekee iliyo mkononi mwa mama wa nyumba bila kuomba ruhusa kwa mtu. Mtetea mmoja wa kienyeji hutaga mayai kumi na kitu, akaatamia, akatotoa, na akijaaliwa hufanya hivyo mara tatu kwa mwaka. Humo ndimo hutoka daftari, sabuni, nauli ya mwanafunzi anayerudi shule, na kitoweo cha mgeni aliyekuja bila taarifa. Sasa kuku hao wanapokufa wote ndani ya wiki moja, hiyo ni hasara ya nyumba nzima, na anayesema "ni kuku tu" ajue kwamba hakuna aliyewahi kumpa yeye kuku hao wamsomeshee watoto.

Ugonjwa unaofanya hivyo tunaujua. Wengi huuita mdondo, wengine kideri. Vitabuni umepewa jina la mji wa Newcastle wa Uingereza, kwa kuwa ulionekana huko mwaka 1926, na mwaka huohuo ulikuwa umeonekana pia katika kisiwa cha Java. Kwa hiyo ni ugonjwa uliojulikana karibu miaka mia moja sasa, na hauhitaji mchawi wala jicho la hasidi ili uingie uani. Kuku huanza kujikunyata, manyoya yamesimama, mbawa zimelegea, anahema kwa shida kama aliyekimbizwa, kinyesi kinakuwa cha kijani. Baadhi hupooza miguu au shingo ikajikunja hata kichwa kikatazama nyuma. Wengine hawaoneshi chochote: jioni wameingia bandani wazima, asubuhi wamelala chini. Katika kundi ambalo halijachanjwa wanaweza kufa tisa katika kumi, au wakaisha kabisa.

Lililotufanya tuandike, hata hivyo, si ugonjwa wenyewe. Ni yale tunayoyafanya ukishaingia.

Kila anayeishi mitaani kwetu anaijua desturi hii. Kuku wa kwanza anakufa, wa pili anakufa. Wa tatu anapoanza kusinzia, kisu kinawahiwa. Hapo hakuna neno. Lakini wale wanne waliobaki, ambao bado wanadonoa na kutembea, wanakamatwa usiku kwa utulivu, miguu inafungwa, na alfajiri wanawekwa kwenye tenga kwenda sokoni. Bei inapunguzwa kidogo ili waondoke upesi. Mnunuzi anafurahi kupata kuku kwa bei rahisi. Nyumbani kwake ana wengine sita. Baada ya wiki, wale sita nao wameanza kusinzia, naye anafanya kama alivyofanyiwa. Na huo ndio mwendo wa mdondo. Kuku aliyefungwa miguu asubuhi Rumonge anaweza kulala Buyenzi jioni ya siku hiyohiyo, na ugonjwa ukalala naye.

Ni muhimu tuelewe kwa nini kuku yule "mzima" si mzima. Tangu kuku anapoupata ugonjwa huu mpaka dalili zionekane hupita siku mbili hadi kumi na tano, mara nyingi tano au sita. Katika siku hizo anakula, anakunywa, jogoo anawika. Lakini tayari anaubeba, na anaanza kuutoa kwa kinyesi na kwa ute wa puani na mdomoni kabla wewe hujaona lolote. Kwa hiyo anayechukua kuku kutoka banda ambalo wenzao wamekufa jana, akamwambia mnunuzi "tazama, huyu hana neno", anauza kitu anachokijua yeye na asichokijua mwenzake. Hayo ndiyo mauzo ambayo Mtume (s.a.w.) aliyakemea pale sokoni Madina alipotia mkono ndani ya rundo la chakula akakuta chini kumelowa na juu kumekauka. Mwenye rundo alitoa udhuru wa mvua. Akaulizwa kwa nini basi asikiweke kile kilicholowa juu, watu wakakiona.

Wapo watakaotujibu kuwa kuku aliyewahiwa na kisu akiwa hai ni halali, na kwamba wanachuoni wamelieleza hilo. Ni kweli, wamelieleza. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kisa cha kijakazi aliyekuwa akichunga mbuzi na kondoo wa Ka'b bin Malik karibu na mlima Sal', akamwona mmoja anakaribia kufa, akavunja jiwe akamchinja kwalo, na Mtume (s.a.w.) akaruhusu aliwe. Hatubishani na hilo. Lakini tuone kisa kinahusu nini: mnyama wa watu wale, aliyeliwa na watu wale, huku hali yake ikijulikana. Hakuna humo ruhusa ya kumfunga miguu mwenzake na kumpeleka akaangamize mifugo ya Muislamu mwingine. Uhalali wa nyama ni suala moja, na uaminifu wa biashara ni suala jingine. Ama yule aliyekwisha kufa mwenyewe, huyo ni mzoga. Haliwi wala hauzwi, hata kama bado ana joto.

Na wapo wengine, hasa wazee wetu, ambao hukuambia kwa utulivu kabisa kwamba katika Uislamu hakuna maradhi ya kuambukiza, kila kitu ni qadar, kwa hiyo banda la fulani halikuletewa ugonjwa na kuku wa fulani. Hoja hii inahitaji jibu la adabu kwa sababu ina asili katika hadithi. Ni kweli imepokewa kauli ya Mtume (s.a.w.) yenye kukanusha uambukizi waliouamini watu wa Jahiliya, kwamba ugonjwa una nguvu ya kujipeleka wenyewe pasi na idhini ya Allah. Lakini katika mapokezi ya Abu Huraira (r.a.), ndani ya Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) amekataza mwenye ngamia wagonjwa asiwapeleke kwa mwenye ngamia wazima. Mafundisho hayo yanahusu mifugo moja kwa moja. Wanachuoni wengi wameyaoanisha wakasema: ugonjwa hauna nguvu yake wenyewe, lakini Allah ameweka sababu, na kukutanisha mgonjwa na mzima ni katika sababu hizo. Sayyidna Umar (r.a.) aliporudi njiani asiingie Sham wakati wa tauni ya Amwas, akaulizwa kama anaikimbia qadar ya Allah, alijibu kuwa anaikimbia qadar ya Allah kuelekea qadar ya Allah, kisha akapiga mfano wa mchungaji mwenye ngamia katika bonde lenye upande wa majani na upande mkavu. Mfano wenyewe ni wa mfugaji. Basi asitumie mtu qadar kama kifuniko cha tenga.

Sasa, kuku wakianza kufa, tufanye nini? Tuseme wazi kwanza kwamba mdondo hauna dawa. Tumeona watu wakisaga pilipili, wakikamua shubiri kwenye maji, wakichanganya majivu, na siku hizi wakifungua vidonge vya antibiotiki vya binadamu na kuvimimina ndani ya kopo la maji. Shubiri haitamdhuru sana kuku wala haitamponya. Vidonge vile ni hasara zaidi, kwa sababu antibiotiki haiui virusi, na mabaki yake huingia kwenye nyama na mayai ambayo watoto watakula. Wenye kupona huponeshwa na Allah kwa kinga ya mwili wao wenyewe, na ni wachache.

Hata hivyo si kila kifo bandani ni mdondo. Vifaranga wa wiki chache wanaoharisha damu huwa mara nyingi wana koksidia, na huo una dawa ukiwahiwa. Ndui ya kuku, yenye vipele kwenye upanga na kuzunguka macho, ina chanjo yake. Mafua ya kuku yanayovimbisha uso hutibika. Kwa hiyo kabla ya kukata tamaa, na kabla ya kununua dawa ya kubahatisha kwa mchuuzi, mwite daktari wa mifugo, au umpelekee maelezo: wangapi, wa umri gani, wamekufa kwa siku ngapi, kinyesi kikoje. Na kama wamekufa wengi kwa ghafla, kumwita si hiari tena. Kwa macho huwezi kutofautisha mdondo mkali na homa ya mafua ya ndege, na homa hiyo si hadithi ya nchi za mbali: Januari 2017 ilithibitika Uganda, kwa ndege wa porini na kwa kuku na bata wa kufugwa kandokando ya Ziwa Victoria. Mdondo hauwadhuru watu sana, labda macho kuwa mekundu siku chache kwa aliyewashika kuku. Homa ya ndege ni jambo jingine. Basi katika vifo vya namna hiyo, watoto wasinyonyoe wala kucheza na kuku waliokufa, na anayewashika afunge mikono kwa mfuko wa plastiki kisha anawe kwa sabuni.

Waliokufa wafukiwe shimo refu ambalo mbwa hawezi kulifukua, wamwagiwe chokaa au majivu kwa juu, au wachomwe. Kuwatupa jalalani au mtoni ni kuutawanya ugonjwa bila hata kupata senti ya sokoni. Wale ambao shingo imekwisha kujikunja, hawali wala hawasimami, tusiwaache siku tatu wakihangaika kwa kuwa hatuna moyo wa kuwagusa. Dini yetu imetuamrisha wema hata katika kuchinja, kisu kinolewe na mnyama astareheshwe. Waliobaki wafungiwe ndani, wasitembee kwa jirani, na mwenye nyumba asiende kutembelea banda la mwenzake kwa viatu vilevile. Kinyesi kwenye soli ya ndala kinatosha kuvusha ugonjwa ukuta wa uani.

Kuna jambo ambalo tunaliona zito kuliko yote hayo, nalo ni kusema. Mama mmoja kuku wake wakianza kufa, hunyamaza. Huona aibu, kana kwamba kifo cha kuku kimefichua uchafu wa nyumba yake, au huogopa kwamba akisema hatapata mnunuzi wa hata yai moja. Na tusimlaumu yeye peke yake, maana sisi majirani ndio tuliomfundisha kunyamaza: aliyesema mwaka jana alisengenywa mpaka msikitini. Tunachokiomba ni kwamba habari ya ugonjwa wa mifugo ipewe heshima sawa na habari ya msiba. Mtu akisema "bandani kwangu kumeingia", majirani wafunge kuku wao siku hiyohiyo, wampe pole, na wamshukuru, kwa sababu ameokoa mali zao kwa kutoa siri yake. Maimamu wetu, ambao hutangaza ufunguo uliopotea baada ya swala, hawatashindwa kutangaza na hili.

Kisha tumfidie kwa vitendo. Anayekaa na ugonjwa nyumbani kwake asiuze anapata hasara ambayo mwenye tenga aliikimbia, na si haki akabaki nayo peke yake. Katika vijiji vyetu ipo desturi ya kumpa mtu mtetea akamlea, vifaranga wakagawanywa. Desturi hiyo ifufuliwe kwa ajili ya waliofilisika namna hii. Nyumba tatu zikitoa mtetea mmoja mmoja, mjane aliyebaki na banda tupu ana kundi tena kabla ya mwaka kwisha. Ila wasiletwe upesi. Banda lifagiliwe, mbolea yote iondolewe, lisiribwe chokaa, liachwe wazi lipigwe na jua, likae tupu mwezi mzima au zaidi. Tunajua subira hiyo ni ngumu kwa asiye na kitu kingine, lakini kuku mpya kwenye banda la zamani lenye kinyesi cha zamani ni sadaka iliyotupwa.

Na watoto tusiwasahau. Katika nyumba nyingi kuku ana mwenyewe, naye ni mtoto wa darasa la tatu aliyepewa kifaranga akakipa jina. Kuku huyo akifa, wakubwa hucheka, au humwambia anyamaze kwani kuku si mtu. Sisi tunaona hiyo si sunna. Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akimchezea; ndege akafa, mtoto akahuzunika. Mtume wa Allah (s.a.w.), pamoja na mazito yote yaliyokuwa juu yake, alimkalia mtoto yule akamsemesha kwa upole na utani juu ya ndege wake, naye akimwita kwa jina la heshima kama mtu mzima. Kisa kimo katika Bukhari na Muslim, na kimesomwa na kufundishwa karne hizi zote kwa sababu ya kindege kimoja. Mwacheni mtoto alie, mwache asaidie kuchagua pahala pa shimo kwa mbali, na umweleze ukweli kwamba kuku wake alikuwa mgonjwa. Mtoto aliyeambiwa ukweli ndiye atakayekuja kuwa mkali juu ya chanjo nyumbani.

Tumefika kwenye chanjo, na hapa hatuna maneno mengi kwa kuwa jambo lenyewe ni jepesi kuliko tunavyolifanya. Chanjo ya mdondo ipo kwa miaka mingi. Ile iitwayo I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini na kutumiwa sana Tanzania na Msumbiji, hutolewa tone moja tu kwenye jicho moja, kwa kifaranga na kwa jogoo kipimo ni kilekile, ikarudiwa kila miezi mitatu au minne. Ina sifa ya kuvumilia joto wiki kadhaa nje ya friji, madhali haijachanganywa wala kuanikwa juani. Nyingine, kama LaSota, huwekwa kwenye maji ya kunywa na hutaka ubaridi zaidi. Ipi inapatikana kwenu, daktari wa mifugo wa hapo ndiye wa kuulizwa. Chanjo hainusuru kuku aliyekwisha kuugua, na huchukua wiki moja hadi mbili kabla haijashika. Kwa hiyo hutolewa wakati wa uzima, kuku wanapokuwa wamenona na hakuna anayefikiria kifo.

Kinachokwamisha si bei. Chupa moja ya chanjo hutosha kuku mia, mia mbili au zaidi, na ikishachanganywa haiwekwi ikasubiri wiki ijayo. Mwenye kuku wanane anaiona haimfai, anaacha. Jirani mwenye sita naye anaacha. Nyumba ishirini za mtaa mmoja zinaacha kila moja kwa hesabu yake, na zote kwa pamoja zingeimaliza chupa hiyo asubuhi moja kwa mchango usiofika bei ya robo ya kuku. Wanafunzi walio likizo wanaweza kuifanya kazi hii vizuri kuliko sisi wazee: mmoja anaandika nyumba na idadi ya kuku, mmoja anashika kuku, mmoja anadondosha tone. Kuku wakamatwe bandani alfajiri kabla hawajatoka, la sivyo mtaa mzima utakimbizana mpaka adhuhuri. Waanzie nyumba zenye uzima, na nyumba yenye ugonjwa wasiingie kabisa siku hiyo, wasije wakawa wao ndio wabebaji.

Pendekezo letu ni kila Jumamosi ya kwanza ya Januari, Mei na Septemba, baada ya swala ya alfajiri. Tumechagua mfungo wa miezi ya kawaida na si ya Hijria kwa sababu miezi yetu huzunguka, na muda kati ya chanjo na chanjo utafutwe kwa tarehe isiyohama. Nyongeza moja: Idd ikikaribia, kuku wengi huingia mtaani kutoka masoko mbalimbali wakisubiri siku yao. Hao wafungwe mbali na wa nyumbani, na chombo chao cha maji kiwe chao. Kama wataliwa, waliwe. Kama mmoja atapendwa akaachwa afugwe, akae peke yake wiki mbili kwanza.

Wenye kutaka kujiandikisha kwa Septemba wampe jina na idadi ya kuku mwalimu wa madrasa ya mtaa wao, kina mama wakiwa wa kwanza kwa sababu kuku ni wao.